Karani mstaafu anajibu: RB si hirizi

Mbukwenyi. Wiki hii meseji zenu karibu zote ni za polisi, na sishangai. Difenda za polisi zimeanza kuonekana mpaka kwenye mitaa ambayo gari la taka lenyewe halifiki. Nimechagua chache. Mlioniuliza ajira za polisi zinatoka lini, mimi nilikuwa karani wa mahakama, si ofisa usaili. Na mlioandika "naomba kujua" kisha mkanyamaza, mnaomba kujua nini?

*Shikamoo Karani. Wakazi tunataka kuandamana kwa amani kupeleka kilio cha barabara na maji kwa mkurugenzi wa jiji. Kibali cha polisi tunaombea wapi na ni shilingi ngapi? (Nala)*

Marahaba. Hakuna kibali, kwa hiyo hakuna bei. Atakayekutajia bei, muulize jina lake na uliandike.

Sheria ya Jeshi la Polisi inataka taarifa. Unampelekea mkuu wa polisi wa eneo barua angalau saa 48 kabla, unasema mtakutania wapi, saa ngapi, na kwa lengo gani. Akiona kuna hatari ya kuvunjika kwa amani anaweza kuzuia, na mkizuiwa mnaweza kukata rufaa kwa Waziri. Kuomba na kutaarifu ni vitu viwili. Anayeomba anasubiri aruhusiwe. Anayetaarifu anajiandaa, na asiyetaka ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini.

Na ninyi watu wa Dodoma ndio mngepaswa kuwa wa mwisho kuniuliza hili. Enzi zile ilikuwa kibali kweli, ndipo Mchungaji Christopher Mtikila akafungua kesi Mahakama Kuu, hapahapa Dodoma. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akasema kumlazimisha raia aombe ruhusa ya kukusanyika ni kinyume cha Katiba. Sheria ikabadilishwa, kibali kikawa taarifa. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado makamanda wanasimama mbele ya kamera kusema "hawakuomba kibali", nanyi mnaitikia kama kwaya.

Andikeni barua nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe na saa. Wakikataa kugonga, andikeni nyuma yake nani alikataa na mbele ya nani. Wakija na "taarifa za kiintelijensia", sawa, ziwe kwenye barua yenye sahihi. Zuio la simu ya usiku msilihesabu kuwa jibu. Mikutano ya hadhara ya vyama ilifungiwa mwaka 2016, ikafunguliwa Januari 2023 kwa tamko la Rais. Kinachofungwa na kufunguliwa kwa tamko bado hatujakizoea kuwa haki.

*Namba ya dharura ya polisi ni ipi? (wengi)*

112. Zimamoto ni 114. Ziandikeni nyuma ya mlango, msiniulize tena.

*Karani mwenzangu, mimi ni mama wa Chang'ombe. Kijana wangu alibebwa kwenye kamatakamata akitoka kazini, leo siku ya pili. Kaunta wananiambia nilete laki mbili za dhamana, mwingine ananiambia kuna saa 48 za mkuu wa wilaya. Nifanye nini?*

Pole sana mama. Hizo laki mbili zikae kwenye kanga. Dhamana ya polisi haiuzwi, na tangazo la kusema hivyo mara nyingi limebandikwa ukutani nyuma ya huyohuyo anayekuomba.

Kwanza hakikisha yuko wapi. Kwenye kamatakamata gari linazoa watu kata tatu na kuwashusha kituo kimoja, kwa hiyo usiishie kituo cha jirani, fika na kituo kikuu. Usibishane na askari wa kaunta, omba kumwona mkuu wa kituo. Muulize mambo mawili tu: kosa ni lipi, na limeandikwa saa ngapi kwenye daftari. Saa ya kukamatwa ndiyo msumari wako, maana aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana. Beba barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, nenda na mdhamini anayeeleweka. Mwanao ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na ya kusomewa maelezo yake kabla hajatia sahihi. Mwambie asisaini karatasi ambayo hajaisoma. Ukimkuta na majeraha, dai PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hapohapo, usisubiri kesho yavimbe au yapungue.

Sasa hizo saa 48. Zipo, zimo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanaweza kuagiza mtu akamatwe pale amani inapokuwa hatarini. Lakini watu wanakariri namba na kuacha masharti. Kiongozi anatakiwa aandike sababu za kukamata, na nakala imfikie hakimu. Saa 48 zikiisha bila mahakama, mtu anaachiwa. Akitumia mamlaka hayo vibaya, mwenyewe anaweza kushtakiwa. Katika miaka yangu yote ya kupokea majalada, barua ya sababu ya namna hiyo ingekuja ningeiwekea fremu. Maoni yangu ni kwamba mamlaka haya yangefutwa tu. Tuna polisi, tuna mahakama, huyu wa tatu mwenye funguo za mahabusu ni wa nini?

Saa zikipita na hakuna kinachoeleweka, nenda kwa wasaidizi wa kisheria. Mahakama Kuu inaweza kuwaamuru waliomshika wamlete mbele yake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo makao yake yako hapa Dodoma na haitozi kupokea malalamiko. Peleka tarehe, saa, jina la kituo. "Walimchukua juzi watu wa serikali" halifunguki kwenye jalada lolote.

*RB ninayo tangu Februari, mbona kesi yangu haisongi? (Kizota)*

Kwa sababu umeikunja na kuiweka kwenye pochi kama hirizi. RB ni namba ya mstari kwenye daftari la taarifa la polisi, basi. Rudi uulize jalada limefunguliwa au la, namba yake ipi, mpelelezi nani. Ukishamjua mpelelezi, mpelekee mashahidi. Yeye ana majalada mengi mezani, na lisiloulizwa linakaa chini.

*Jirani amekuja na polisi wamenitoa kwenye kiwanja nilichopewa enzi za CDA. Anasema na yeye ana karatasi. (Iyumbu)*

Ana karatasi, ndiyo, na huenda ni halali kama yako. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, ilivunjwa Mei 2017, mafaili yakahamia halmashauri, na tangu hapo mji huu haujawahi kukosa kiwanja kimoja chenye wenyewe wawili.

Polisi hawaamui kiwanja ni cha nani. Hiyo ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu kulingana na thamani. Mtu akija kukutoa, omba kuona amri ya baraza au mahakama, soma jina na namba ya kiwanja, uipige picha. Kama ipo, ondoka, upiganie huko ilikotoka. Usishike panga, ukilishika tu mgogoro wa ardhi unageuka kesi ya jinai na wewe ndiye mshtakiwa, na hapo jirani kashinda bila kupima hata futi moja. Kama amri haipo, wameingilia madai ya watu wawili, na hilo ndilo la kulalamikia kwa kamanda wa mkoa kwa maandishi.

Nanyi mnaopanga ulinzi wa jiji, mtanisamehe. Fujo nyingi ninazoziona pembezoni mwa mji huu mzizi wake ni ardhi, halafu anayetumwa kuzima ni FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia. Bomu la machozi halipimi kiwanja.

*Walipiga mabomu ya machozi karibu na soko, watoto wakazimia. Sheria inasemaje? (Majengo)*

Mkusanyiko ukigeuka ghasia, sheria imeweka njia ya kutoa ilani: hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo cha inspekta na kuendelea, anawaamuru watu watawanyike. Wakikaidi ndipo nguvu inafuata, nayo iwe ya kiasi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema hivyohivyo. Ilani ya kusomwa wakati bomu liko hewani si ilani.

Msidhani bomu la machozi ni moshi tu. Septemba 2012, pale Nyololo wilayani Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa na bomu lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kwa hiyo yule anayesema askari hafungwi, si kweli. Lakini pale kulikuwa na picha.

Watoto wapelekeni upande upepo unakotoka, waosheni macho kwa maji mengi safi, wasisugue. Kupaka dawa ya mswaki usoni acheni.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi mapendekezo ya kulibadilisha jeshi hili. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, mzee huyohuyo akapewa tume nyingine. Kuandika anaandika. Wasomaji ndio sijui wanaajiriwa lini.

*Tumechoka na vibaka. Tukiwapeleka kituoni kesho wamerudi. Tukimalizana nao wenyewe kuna kosa? (Nkuhungu)*

Lipo, linaitwa mauaji, na adhabu yake ni kunyongwa. "Wananchi wenye hasira kali" si kinga, ni kichwa cha habari. Nimeandika mwenyewe majina ya vijana watano waliorusha jiwe mojamoja.

Na kibaka anarudi kwa sababu siku ya kesi hakuna aliyekuja kutoa ushahidi. Hakimu anaahirisha, anaahirisha, mwisho anafuta. Mliokuwa mnapiga kelele usiku ule mlikuwa 40, mahakamani hakuja hata mmoja. Kama mna ulinzi shirikishi, wekeni daftari: kakamatwa na nani, saa ngapi, na kitu gani, kakabidhiwa kwa askari yupi.

*Karani, unaongea sana. Wewe umewahi kulala sero? (kijana wa Area C)*

Usiku mmoja, mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, ule msako wa wasio na kazi mijini. Nilikuwa natoka kazini, kitambulisho nimekisahau mezani, wakaniweka kwenye fungu la wazururaji, kituo sikitaji. Aliyekuwa anaandika alikosea jina langu. Nikamwomba arekebishe, akanipiga kofi. Nikaomba tena. Akarekebisha.

Asubuhi mwajiri wangu alipotuma mtu, askari wa zamu akapitisha kidole kwenye daftari, akaniona. Tulikuwa zaidi ya 30 mle ndani. Waliobaki walikuwa bado wanaitana majina ambayo hayakuandikwa popote.