Maswali Yenu: Megapikseli 108, mbona usiku inashindwa?

SWALI: Nimenunua simu ya bei nafuu yenye kamera ya megapikseli 108. Mchana iko vizuri, lakini usiku nyuso zinatoka kama zimepakwa nta. Simu ya Google ya dada yangu, Pixel 3a yenye megapikseli 12 tu, inaiacha mbali. Nimeuziwa kamera feki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Si feki. Kihisi chako, yaani kipande kinachopokea mwanga, yaelekea ni kikubwa kuliko cha 3a. Pikseli zake ndogo huunganishwa tisa tisa, ndiyo maana hata wewe unapata picha ya megapikseli 12. Mnachozidiana ni programu.

Pixel hupiga fremu (picha moja moja) nyingi mfululizo, kila moja ikiwa na giza kidogo kwa makusudi ili taa zisitoke nyeupe tupu. Kisha huzipanga moja juu ya nyingine na kuchukua wastani. Fremu 9 zikiunganishwa, chenga, yaani vidoti vinavyochafua picha za gizani, hushuka hadi theluthi. Hali yake ya usiku, iliyotoka Novemba 2018, hukusanya hadi fremu 15. Simu nyingi za bei ya chini huunganisha fremu chache, halafu hufuta chenga kwa nguvu na kufuta vinyweleo vya ngozi pamoja nazo. Nta unayoiona ndiyo hiyo.

Google hula kwa matangazo, na simu zake ni mahali pa kuonyesha ufundi wa programu. Ndiyo maana iliweza kubaki na kihisi kilekile, au karibu kilekile, kuanzia Pixel 3 hadi Pixel 5. Mwaka 2019 iliuza 3a kwa dola 399, nusu ya bei ya Pixel 3, ikiwa na kamera kuu ileile. Ilichopunguza ni bodi, ambayo ni ya plastiki, na chipu, hivyo picha huchelewa kidogo kukamilika. Anayeuza kwa faida nyembamba hana nafasi hiyo: kampuni ya simu ya Xiaomi mwaka 2018 iliahidi kwamba faida yake halisi kwenye vifaa haitazidi asilimia 5. Kuinoa programu kwa kila lenzi ni kazi ya wahandisi kwa muda mrefu, na mnunuzi dukani haioni. Namba 108 kwenye boksi anaiona.

Usiku usitumie hali ya 108, kwa sababu inavunja ule muungano wa tisa tisa. Chagua hali ya usiku, zima hali ya urembo inayolainisha nyuso, futa lenzi, egemeza simu ukutani, na usiisogeze mpaka imalize.

SWALI: Je, nikiweka GCam, kamera ya Google iliyorekebishwa na mafundi wa mitandaoni, nitapata picha kama za Pixel? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wakati mwingine unazikaribia sana. Kwanza pakua programu ya Camera2 API Probe na usome kiwango cha kamera ya nyuma, yaani simu yako inaziruhusu programu nyingine kuiendesha kamera hiyo kwa kadiri gani. Ikiandika LEGACY, achana na GCam. LIMITED ni bahati nasibu. FULL au LEVEL_3 ina matumaini. Tafuta toleo lililojaribiwa kwenye modeli yako hasa, pamoja na faili lake la mipangilio. Picha ikitoka ya kijani au ya waridi gizani, programu imekosea kiwango cheusi cha kihisi chako (namba ambayo kihisi hutoa pasipo mwanga), basi badilisha faili hilo. Lenzi pana huenda isifunguke. Usiiondoe kamera ya awali, na toleo likiomba ruhusa ya kusoma SMS au namba zako za simu, lifute mara moja.

SWALI: Niongeze pesa nichukue Pixel 8 Pro badala ya Pixel 8, ili nipate vidhibiti vya mkono? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwa sababu hiyo peke yake, hapana. Zilitoka 2023 kwa dola 699 na 999, zikiwa na chipu ileile, Tensor G3. Vidhibiti vya ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) na kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) vikapewa Pro peke yake. Huo ulikuwa uamuzi wa bei, maana chipu ya Pixel 8 ingeviweza, na kumnyima mnunuzi kitu ambacho simu yake inakiweza si haki. Programu ya Open Camera, ambayo ni ya bure, itakupa vyote viwili: fungua mipangilio, kwenye Camera API chagua Camera2. Lakini kama unapiga ndege au mechi ukiwa jukwaani, lenzi ya kuvuta mara 5 iko kwenye Pro tu, na hiyo hakuna programu itakayokutengenezea.