Kujiandaa na usaili wa benki Kigoma

Mdogo wangu, umeuliza kama wasifu wa benki ulio kwenye tovuti yake unatosha kujiandaa na usaili wa wiki ijayo hapo Kigoma mjini. Hautoshi. Mimi niliwahi kukariri mwaka wa kuanzishwa na majina ya wakurugenzi wote wa benki moja, nikaulizwa, "Benki inapata faida wapi?" Nikakaa kimya, jasho likinitoka.

Pakua taarifa ya mwaka. Benki za CRDB na NMB zimeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu zao ziko wazi kwa kila mtu. Tafuta mapato ya riba, ada, mikopo chechefu (ile isiyolipwa kwa wakati), na wenye hisa ni akina nani. NMB ilizaliwa 1997 Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilipogawanywa. CRDB ilifungua kampuni tanzu Burundi 2012, na hapo ndipo penye jambo kwako wewe mtu wa ziwani: shuka mwaloni Kibirizi alfajiri, waulize wauza dagaa wanapokeaje malipo ya mteja wa Bujumbura. Andika majibu yao kwenye daftari, uende nayo. Ukishatoka kwenye usaili, niambie walikuuliza nini.