Muulize Fundi: Pinboli yenye karata

*Shikamoo Fundi. Nafanya kazi Valencia, Uhispania. Mwenye baa mmoja alipofunga biashara alinipa pinboli kuukuu, ile mashine ya mchezo wa gololi. Kioo chake kimejaa ree na wazungu wa karata. Imeandikwa Segasa, lakini kuna pia jina la Williams, Chicago. Ni feki? Na mke wangu hataki kamari nyumbani kwake.*

Marahaba. Si feki. Miaka ya 1970 Segasa walikuwa wakiunda pinboli za Williams kwa leseni hukohuko Uhispania. Enzi za dikteta Franco bidhaa za nje zilibanwa sana, kwa hiyo mchoro ulitoka Chicago, tundu la sarafu likachongwa kwa peseta.

Tuje kwa shemeji. Hofu yake haikuanza leo. New York walipiga marufuku pinboli mwaka 1942, na meya La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Wakati huo vile vibao vya kupigia gololi havikuwepo. Vililetwa na Humpty Dumpty, pinboli ya kampuni ya Gottlieb, mwaka 1947. Kabla ya hapo ukishaachia springi, gololi inakwenda inakotaka, wewe unabaki kutikisa meza. Na zilikuwepo baa zilizokulipa fedha taslimu kwa michezo ya bure uliyoshinda. Hiyo ni kamari, sibishi. Ruhusa ilirudi 1976.

Yako ina vibao, na haitemi hata senti. Ukishinda inagonga ubao kwa ndani, ko!, unapata mchezo mwingine, basi. Karata ni urembo tu. Mkianza kuwekeana dau sebuleni, kesi ni yenu, mimi simo.

Ila kuna jambo hukuuliza: umeme. Zamani nyumba nyingi za Uhispania zilitumia volti 125. Kwa hiyo usichomeke kwanza! Fungua kabati, tafuta transfoma, soma maandishi yake, uone waya wa kuingizia umeme umefungwa kwenye ncha ipi. Ukiukuta kwenye 125 na ukutani kwako ni 230, mpe fundi auhamishe. Kagua na fyuzi. Mashine za baa hukosi kukuta mtu kaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi.

Pointi za rilei, zile swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, zisipigwe msasa. Pitisha katikati yake kipande cha kadi safi, taratibu. Na mafuta usitie, hata tone: yanashika vumbi, na vumbi ndilo litakalokurudisha kwangu.