Wanaoanza Git: yale ninayoyarudia kila mgeni akifika

Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili ya mradi, na kila mgeni akiingia kwenye timu naona mambo yale yale. Kapewa ripo (hifadhi ya mradi pamoja na historia yake), kaikloni (kainakili yote kwenye mashine yake), na wiki haijaisha kando ya folda ya mradi imezaliwa folda nyingine inaitwa mradi_nakala, ikafuatiwa na mradi_nakala_nzuri. Ukimuuliza anakujibu, "Git ilikataa, kaka, nikaona nianze upya." Amefuta kila kitu, kakloni tena, kabandika mafaili yake ya zamani juu ya mapya, kakomiti (kaiandikisha hali hiyo kwenye historia). Kwa kubandika huko amefuta marekebisho ya watu watatu, na habari hana. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnatuzeesha.

Jinsi ya kuisakinisha na kuweka ufunguo wa SSH, ule wa kuingilia kwenye seva, sielezi. Hayo mnayaweza kuliko mimi.

1. Jueni komiti ni kitu gani. Wengi mnadhani Git inatunza orodha ya mistari iliyobadilika. Sivyo. Komiti ni picha ya mradi mzima ulivyokuwa saa ile, pamoja na jina la mwandishi, tarehe, ujumbe na namba ya komiti iliyoitangulia. Hayo yote hupigiwa hesabu ya SHA-1 (kanuni inayogeuza maudhui yoyote kuwa namba ya utambulisho) na kutoa ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 40. Ukigusa nukta moja, namba inakuwa nyingine. Ndiyo maana `git commit --amend`, inayosemwa ni ya kurekebisha komiti ya mwisho, hairekebishi komiti: inaunda mpya na kuiacha ile ya zamani palepale, bila tawi (jina la mstari fulani wa kazi, linaloelekeza kwenye komiti yake ya mwisho) linaloielekea. Rebase, yaani kuzipanga upya komiti juu ya msingi mwingine, ni hivyo hivyo. Na tawi lenyewe mnaloliogopa ni faili dogo lenye namba moja ndani yake. Fungueni `.git/refs/heads` mjionee. Nimewahi kumkuta kijana anafanya majaribio kwenye main, tawi kuu la wote, kwa sababu, eti, matawi mengi yataijaza seva.

2. `git status`, inayowaonyesha nini kimebadilika, kabla ya amri yoyote, na baada yake.

3. `git add .`, inayoingiza kila kilichobadilika kwenye komiti ijayo, ndiyo inayowaponza. Zoeeni `git add -p`, iwaonyeshe kipande kimoja kimoja, nanyi mkubali au mkatae. Na faili la `.env` (lile lenye manenosiri ya mradi) likishaingia kwenye komiti, kuliandika ndani ya `.gitignore` (orodha ya mafaili ya kupuuzwa na Git) hakusaidii kitu, kwa kuwa `.gitignore` haigusi faili ambalo tayari linafuatiliwa. Mpaka ulitoe kwa `git rm --cached`. Hata ukilitoa, komiti ya nyuma bado inalo, na kila aliyekloni anayo komiti hiyo. Kama ulishapushi (ulishazipandisha komiti kwenye seva), hesabu kwamba nenosiri limetoka: libadilishe kwanza, ndipo uhangaike kulifuta kwenye historia kwa `git filter-repo`. Huwa mnaanza na kuhangaika na historia, nenosiri linaendelea kufanya kazi hadi kesho yake.

4. Sasa `--force`, yaani kuilazimisha seva ipokee unachopushi hata ikikataa. Hapa nitakaa.

Mnalijua jibu lile: umepushi, seva imekataa kwa sababu ncha ya tawi lako iko nyuma ya ile ya mbali. Maana yake ni kwamba mtu amepushi kabla yako na kazi yake wewe huna. Nilipokuwa mchanga tulikuwa tunapushi main moja kwa moja. Siku hiyo nilikuwa nimezipanga upya komiti zangu kwa rebase, zimenyooka, najiona fundi. Nikapushi, ikakataa. Nikapushi tena, kama vile mara ya kwanza haikunisikia. Kisha nikaandika `git push --force`. Ikakubali bila kelele, nami nikaenda zangu kunywa maji.

Amri yenyewe si iliyoniuma. Kilichoniuma ni nilichofanya baada ya hapo. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa sauti mbona ukurasa wa malipo alioumaliza jana yake hauonekani kwenye seva. Nilijua palepale. Masikio yakawa ya moto. Kama ningesema "ni mimi," mambo yangeisha mara moja, maana komiti zake bado alikuwa nazo kwenye mashine yake. Angezipandisha tena, tungecheka. Sikusema. Nilichosema, tena kwa sauti ya mjuzi, ni hiki: "Hebu jilinganishe na seva kwanza." Akaniamini, kwa kuwa nilikuwa nimemtangulia kazini. Akaandika `git fetch` (kuchukua yaliyo kwenye seva), akaandika `git reset --hard origin/main` (kulifanya tawi lake lifanane kabisa na la seva), na komiti zake zikaondoka machoni pake pia. Yaani nilifuta kazi yake mara mbili, na mara ya pili nilitumia mikono yake mwenyewe.

Akaanza kuuandika ukurasa upya. Mimi niko upande wa pili wa meza, najifanya nasoma nyaraka, kumbe kwenye terminali natafuta njia ya kuurudisha bila mtu kujua. Kila nilichokisoma kilinielekeza kwenye `git reflog`, kumbukumbu ya komiti ambazo matawi ya mashine yamewahi kuzishika, na reflog ni ya mashine husika, haipandi kwenye seva. Yangu haikuwahi kuziona komiti zake. Reflog ya kuhitajika ilikuwa kwake. Ili niitumie ilinibidi nimwombe kompyuta, na ili nimwombe kompyuta ilinibidi niseme kwa nini. Mficha uchi hazai. Nilificha hadi jioni.

Aliyetuokoa ni dada mmoja aliyekuwa amefetchi asubuhi, kabla ya balaa langu. Jioni alipofetchi tena aliona pembeni ya main maneno "forced update" na namba mbili, ya zamani na mpya. Akafungua tawi kwenye namba ya zamani, akaliunganisha na komiti zangu, akapushi kistaarabu. Komiti za yule mwenzetu zikarudi na jina lake na saa zake zilezile. Ndipo akauliza, "Nani kafosi?" Komiti zilizokuwa juu zilikuwa na jina langu, kwa hiyo kuniuliza ilikuwa heshima tu. Nikasema. Mwenzetu hakunitukana. Aliniuliza tu kama nilijua tangu ile asubuhi, na nikajibu ndiyo, na kwa muda mrefu baada ya hapo ushauri wangu alikuwa akiuhakiki kwa mtu mwingine kabla ya kuufuata. Alikuwa na haki.

Upande wa amri, somo ni fupi: main ifungwe kwenye seva isifosike, na tawi lako mwenyewe ukilazimika kulifosi tumia `--force-with-lease`, inayogoma kama tawi la mbali limebadilika tangu ulipolichungulia mara ya mwisho. Angalieni lakini, kama kihariri chako kinafetchi chenyewe kimyakimya, kinga hiyo inapungua, kwa sababu Git inahesabu kwamba umeshachungulia. Upande mwingine wa somo ni huu: mfumo huu umetawanywa. Kila kloni ya kawaida ina historia yote, na seva ni kloni mojawapo tu tuliyokubaliana kuiheshimu. Ukiharibu seva saa nne, uwezekano ni mkubwa kwamba dawa iko kwenye mashine ya mtu aliyekaa karibu nawe. Lakini lazima ajue kwamba inatafutwa.

5. Konflikti si ugomvi. Zile alama za `<<<<<<<` zinasema watu wawili wamegusa mahali pamoja, basi. Ukichanganyikiwa, `git merge --abort`, unarudi ulipokuwa. Wekeni `merge.conflictStyle` iwe `diff3` ili muone na maandishi yalivyokuwa kabla ninyi wawili hamjayagusa. Nusu ya fumbo huisha hapo. Na muulizeni aliyeandika upande wa pili. Yupo, analipwa, anaongea. Msichague "yangu yote" ili mradi ujumbe wa kosa uondoke.

6. Ujumbe wa komiti. "fix." "fix tena." "sasa imekubali." Jamani. Linus Torvalds alianza kuiandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kerneli (kiini) ya Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo wa kutunza historia waliokuwa wakiutumia, na watu wale walikuwa wakitumiana viraka (mabadiliko ya kodi) kwa baruapepe. Mstari wa kwanza wa komiti ndio unaokuwa kichwa cha barua, ndiyo maana tunaambiwa uwe mfupi, kama herufi 50 hivi, kisha mstari mtupu, kisha sababu. Sababu, si maelezo ya kilichobadilika; kilichobadilika nitakiona mwenyewe. Mtakuja kunishukuru siku ya `git bisect`: kati ya komiti 1,000 itawafikisha kwenye iliyoleta hitilafu kwa majaribio kama 10 tu. Mkifika mkakuta imeandikwa "fix tena" na imegusa mafaili 60, shauri yenu.

7. Kilichokomitiwa ni vigumu kukipoteza. Kwa mpangilio wa kawaida reflog hukaa na kumbukumbu siku 90, na 30 kwa komiti ambazo tawi halizifikii tena. Kisichokomitiwa hakimo humo, na `git reset --hard` hukifuta bila kuuliza. Juzi kijana wetu amefanya hivyo kwa kazi ya siku nzima. Bahati yake alikuwa ameshapiga `git add`, kwa hiyo maudhui yalikuwa ndani ya `.git`, na `git fsck --lost-found` ikayafukua. Ila huwa yanafukuliwa bila majina ya mafaili. Nilimwacha anafungua moja baada ya jingine, anasoma, anakisia hili lilikuwa lipi, na kila alilolitambua alilikomiti hapohapo, peke yake, kabla ya kugusa linalofuata.