Kachaji, na kikapu kimehesabiwa: refa alikosea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jumapili kwenye mechi ya mpira wa kikapu pale JMK Park, Dar es Salaam, mchezaji wetu aliruka, akaachia mpira, ukaingia, ila yeye akamvaa beki aliyekuwa amesimama. Refa akahesabu pointi 2, kisha akampa huyohuyo mfungaji faulo. Wapinzani wakaja juu kwamba kuchaji, yaani mshambuliaji kumvaa beki aliyejipanga kihalali, kunafuta kikapu. Mara beki wao akapewa mitupo huru miwili, tukaja juu sisi. Nani yuko sahihi? – Kijana wa Temeke

JIBU: Marahaba. Refa alipatia yote mawili, ndiyo maana mlinuna pande zote.

Cha kuuliza ni mpira ulikuwa wapi miili ilipogongana. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, tunazochezea, timu huacha kumiliki mpira pale unapotoka mkononi mwa mpigaji. Akimgonga beki mpira ukiwa bado vidoleni, kikapu kinafutwa, wapinzani wanaingiza mpira kutoka nje, na hakuna mitupo hata mkiwa na faulo kumi. Mpira ukiwa umeshamtoka, kikapu kikiingia ni halali na faulo inahesabiwa kama ya kawaida. Ikiwa ya tano au zaidi ya timu kwenye robo hiyo, aliyegongwa anapiga mitupo 2. Bila shaka faulo nne za kwanza mlikuwa mmeshazimaliza.

Wapinzani wenu nao hawakuota. Kanuni za sekondari za Marekani zinafuta kikapu hicho hata kama mpira ulishaondoka, mradi mpigaji hajatua. Usiku tunatazama video za huko, asubuhi tunabishana nazo uwanjani. Mimi mwenyewe nilipoanza kupuliza filimbi nilifuta kikapu halali kwa mazoea hayo. Kocha alinisindikiza kwa maneno hadi kituo cha daladala.

Kazi iko kwenye kuona. Refa wa chini ya ringi anamtazama beki: je, alishamkabili mshambuliaji, miguu yote miwili chini, kabla huyo hajaruka? Kapigwa kifuani au kachomeka bega pembeni? Si lazima awe kaganda kama nguzo. Kurudi nyuma au kusogea kando kunaruhusiwa. Anayemtazama beki hivyo haoni mpira, kwa hiyo kuondoka kwake mkononi ni kazi ya refa wa nyuma. Mara nyingi utawaona wakitazamana kwanza. Kisha soma ishara ya refa: ngumi ikigonga kiganja, ni kuchaji. Mikono ikipishana kifuani, kikapu kimefutwa.

Lakini chunguza kitu kimoja: miguu ya beki. Kama hata mmoja uligusa nusu duara ya chini ya ringi, yenye mita 1.25 kutoka chini ya katikati ya ringi, mstari wake ukiwemo, hapakuwa na kuchaji, labda mfungaji awe alimsukuma kwa mkono au kumpiga goti. Kwenye viwanja vyetu vingi rangi ya mstari huo imeshafutika, refa anakadiria kwa macho. Hapo ndipo mngeweza kubishana kwa haki.