Arduino, injekta nne na injini ya 5K: kwa nini plagi zinalowa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma umeme hapa Iyunga, Mbeya. Mzee ana LiteAce ya injini ya 5K. Kabureta imechoka, nikaamua kuifungia injekta kwa kontrolboksi ya kutengeneza mwenyewe: Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), injekta nne za mtumba za kupuliza petroli, mosfeti za IRF540 (swichi za umeme za kufungulia injekta) na sensa ya presha ya MPX4250AP. Mzunguko wa injini nausoma kwenye waya hasi wa koili. Mezani kila kitu kinakwenda. Nikiunga kwenye gari bodi inajirizeti, na injekta zinafunguka hovyo mpaka plagi zinalowa. Je, programu yangu ndiyo mbovu? Na nikifanikiwa, gari litaacha kutoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu kule Isongole mlimani, wakati Kyela bondeni linakwenda vizuri tu?

JIBU: Marahaba. Programu iache kwanza, maana dalili zako zote zinaelekeza kwenye umeme. Mezani ulikuwa unatumia volti 12 tulivu. Ndani ya gari hakuna volti 12 ya namna hiyo: oltaneta ikichaji unapata 14 na kitu, stata ikizungusha injini betri inaweza kushuka mpaka 9, na kila koili inapokatwa ule waya wake hasi unaruka volti mia kadhaa. Ukiuleta waya huo kwenye Uno kwa rezista peke yake, kila cheche ya plagi inaingia mpaka kwenye bodi. Pitisha ishara hiyo kwenye optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana, kama PC817, ukiweka rezista ya kutosha na daiodi ya kuilinda taa yake ya ndani. Chakula cha bodi nacho kipite kwenye fyuzi, kisha kinga ya TVS (daiodi inayomeza miruko ya volti), kisha regyuleta iliyotengenezwa kwa ajili ya magari kama LM2940. Ile regyuleta ndogo ya kwenye Uno usiitegemee kwenye gari.

Sasa kuhusu plagi kulowa. Uno ikijirizeti, pini zake zote zinageuka kuwa za kupokea ishara, hazishikilii kitu juu wala chini. Geti ya mosfeti, yaani mguu wake unaopokea amri, inabaki inaning'inia, na chaji kidogo tu inatosha kuifungua. Petroli inamwagika wakati programu yako haijaanza hata kusoma mstari wa kwanza. Weka rezista ya kiloomu 10 kutoka kila geti kwenda ardhi (hasi), bodi ikizima injekta zifunge. Hizo IRF540 pia zibadilishe. Zinataka karibu volti 10 kwenye geti ili zifunguke sawasawa. Kwa volti 5 za Uno zinafunguka nusu nusu na kuchemka. IRLZ44N inaridhika na 5. Injekta ikifungwa, koili yake inarudisha volti kubwa. Wengi huweka daiodi ya kawaida wakafurahi, lakini daiodi hiyo inaichelewesha injekta kufunga, na mafuta yanazidi. Daiodi ya zena ya volti 36 hivi kati ya dreni na sosi (miguu miwili ya mosfeti inayopitisha umeme wa injekta) inaufanyia kazi mruko huo haraka zaidi.

Pima injekta zenyewe kwa mita. Ukipata oomu 12 hadi 16, endelea. Ukipata 2 au 3, hizo zinahitaji saketi ya kudhibiti ampia, na kwa kazi yako ni bora ukazirudishe kwa aliyekuuzia.

Jambo ambalo vijana wengi hulipuuza ni ardhi. Injekta ya oomu 14 inakula ampia 1 hivi. Zikifunguka nne pamoja ni ampia 4. Zikirudi kwa waya mwembamba wenye oomu 0.1, na sensa nayo imeshikwa kwenye waya huohuo, ardhi ya sensa inapanda kwa volti 0.4. MPX4250AP hutoa milivolti 20 kwa kila kilopaskali moja, kwa hiyo umeidanganya bodi kwa kilopaskali 20! Hiyo inazidi kidogo tofauti ya hewa ya Mbeya mjini na ya Dar es Salaam. Injekta zirudi kwa waya mnene mpaka kwenye bloku ya injini, na sensa iwe na waya wake wa ardhi kutoka kwenye bodi.

Hesabu ya mafuta si ngumu. 5K ina sisi (cc, sentimita za ujazo) 1,486, kwa hiyo kila silinda ni 371. Hewa ya kilopaskali 100 na nyuzi 20 ikijaa humo ni gramu 0.44. Gawa kwa 14.7, yaani gramu za hewa zinazohitajika kwa kila gramu ya petroli, unapata gramu 0.03 za petroli. Injekta ya sisi 200 kwa dakika inahitaji milisekunde 12 kuitoa. Ukikanyaga mafuta yote ukiwa Mbeya mjini, penye kilopaskali 82 hivi, na silinda ikajaa kwa asilimia 80, unabaki na milisekunde karibu 8. Ukipuliza mara mbili kwa kila mzunguko wa kazi, yaani mara moja kila krenki inapozunguka, ni 4 na 4. Kisha ongeza muda ambao injekta hutumia kufunguka, takribani milisekunde 1 kwa volti 14. Huo unaongezwa kwenye kila mpulizo, wala haugawanywi, na unarefuka betri inaposhuka. Ndiyo maana bodi lazima isome na volti ya betri.

Krenki ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, digrii moja inapita kwa maikrosekunde 33. Kwa hiyo delay(), amri inayoisimamisha programu ikisubiri, isionekane kabisa kwenye kodi yako. Tumia Timer1, taima ya ndani ya Uno, na intarapti (ishara inayoikatiza programu ishughulikie tukio papo hapo). Uno ina taima moja tu ya biti 16. Inatosha kupuliza injekta zote pamoja huku distribyuta ikiendelea na kazi yake ya cheche, na mimi ningeiacha distribyuta ilivyo. Ukitaka kila injekta kwa zamu yake, nenda kwenye Mega 2560 yenye taima nne za namna hiyo. Mradi wa Speeduino unatumia bodi hiyo, na kodi yake iko wazi kwa kila mtu. Kama mzee anategemea gari hilo kwa riziki, anzia huko.

Kuhusu Isongole: ndiyo, moshi mweusi utakwisha. Pale uko zaidi ya mita 2,000, presha iko chini ya kilopaskali 80, na Kyela ni karibu 95. Kabureta haijui hilo, sensa yako inajua. Ongeza na sensa ya joto la hewa, maana kutoka nyuzi 10 za asubuhi hadi 30 za Kyela uzito wa hewa unapungua kwa asilimia 7 hivi. Ila nguvu zote za Kyela usizitarajie mlimani; hewa yenyewe ni kidogo. Jaribio rahisi: washa swichi bila kuwasha injini. Mbeya mjini sensa isome 82 au 83. Ikisoma 101, hesabu yako ya volti imekosewa.

Pampu ya kabureta haitafaa. Unahitaji ya umeme, ya bar 3, yenye regyuleta na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, pamoja na mpira na klipu za presha hiyo. Rilei ya pampu iendeshwe na bodi: ishara ya koili ikikosekana kwa sekunde 2, pampu ikate. Lijaribu hilo kwa kuzima injini ghafla kabla gari halijatoka uani.