Fish River Canyon kwa miguu: sogezeni safari hadi Juni

Dada, umeuliza kama wewe na rafiki yako mnaweza kutembea Fish River Canyon, Namibia, likizo ya Desemba. Desemba pamefungwa. Njia huwa wazi kuanzia 1 Mei hadi 15 Septemba tu, kwa sababu majira ya joto humo korongoni hupita nyuzi 40, na mvua ikinyesha mbali huko juu mto unaweza kufurika ghafla. Halafu wawili hamtoshi. Kundi lazima liwe na watu 3 au zaidi, kila mmoja na cheti cha daktari.

Mnaanzia karibu na Hobas na kumalizia Ai-Ais, kama kilomita 85, siku 4 au 5. Chukueni 5.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni siku ya kwanza. Mteremko ni kama mita 500, mkali, na sehemu nyingine mnashika minyororo. Magoti hulia! Kwa hiyo pimeni mizigo nyumbani bila huruma: hema linaweza kubaki, maana wengi hulala mchangani, lakini begi la kulalia la baridi lisibaki, usiku wa Juni ni mkali.

Maji ni ya mto wenyewe, chujeni au chemsheni. Kuelekea mwisho wa msimu mto hubaki madimbwi, ndiyo maana nawasukuma Mei au Juni. Simu haishiki mtandao, basi mwachieni mtu nyumbani tarehe yenu ya kutoka.